Ukuta Nilioufunga Mdomo

Wageni wakiingia nyumbani kwangu hapa Rumonge, Burundi, jambo la kwanza wanalosema ni kwamba ndani kuna baridi. Nje jua linachoma bati mpaka linatoa sauti, ndani mtu anatafuta shuka. Nawaacha washangae kidogo, kisha nawaonyesha matundu ya hewa chini ya paa, dari lililo juu kuliko la jirani yeyote, na milango mitatu iliyopangwa mstari mmoja ili upepo uingie mbele na kutokea nyuma. Nyumba hii nimeichora mwenyewe na kuipima mwenyewe. Nilirudi kutoka ukimbizini na begi moja na diplome yangu, cheti cha ujenzi. Leo nina vyumba saba, na mafundi wa mtaa wakikwama wananiita mimi. Sijisifu bure, nasema kilichopo.

Lakini wakiniuliza nilijifunzia wapi, sitaji shule. Nataja jumba moja la zamani la Lilongwe, lenye ngazi saba na vioo vyekundu na vya kijani, ambalo nusura nilivunje kwa mikono hii hii.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi na mama yangu tulikuwa tumefika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambako zamani palikuwa gereza, na kuta ndefu za gereza zilikuwa bado zimesimama katikati yetu, watu wameanika nguo juu yake. Tulipewa kiwanja. Nilifyatua matofali ya udongo, nikasimamisha vyumba viwili kwa timazi niliyoitengeneza kwa jiwe na uzi, na hakukuwa na nyumba iliyonyooka kama yetu katika mstari ule wote. Watu walikuja kuiangalia. Mama alitaka kuipaka udongo siku ile ile.

“Ngoja, mama,” nikamwambia. “Nitatafuta simenti.”

“Simenti ya nini, baba? Nyumba iko uchi.”

“Nyumba ya mtu mwenye diplome haipakwi mavi ya ng’ombe.”

Alicheka, akakunja kitenge chake, akaipaka. Alianzia mlangoni na kuzunguka mpaka akarudi mlangoni, kwa kiganja, kwa mistari ya nusu duara kama magamba ya samaki. Mama alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo magamba yake yaligeukia upande ambao ya wanawake wengine hayakugeukia. Nilipita pale bila kutazama. Kwetu ziwani, mtu akipata chochote, hata akiuza samaki wa msimu mmoja tu, kitu cha kwanza ni kufunika ukuta wa udongo kwa simenti ili barabara ione. Nami nilikuwa nimesoma ujenzi miaka yote ile ili niondoke kwenye udongo.

Kazi ilikuwa Lilongwe. Asubuhi nilisimama barabarani kungojea matola, yaani gari lolote la mizigo litakalokubali kukupakia nyuma juu ya magunia. Tulipita Kanengo penye maghala, harufu ya tumbaku ikaingia kwenye shati na kukaa humo siku nzima, kisha nikashuka mji wa zamani, karibu na maduka ya misumari na mabati. Pale walikaa vibarua. Wengine walishika koleo. Mimi nilishika pima maji niliyotoka nayo nyumbani, na diplome ndani ya mfuko wa plastiki.

Siku moja mwanamke mzee alisimama mbele yangu. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani na ameshika mwavuli ingawa hapakuwa na mvua.

“Wewe unayehesabu Kiswahili,” akasema. “Toka asubuhi nakusikia unahesabu matofali ya watu. Unatoka Mbeya?”

“Burundi, mama. Niko Dzaleka.”

“Hesabu zako zinafanana na za Tukuyu. Nilikaa Tukuyu miaka sita, mume wangu akiendesha malori. Unajua kuta?”

Nikamtolea diplome. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mbele na nyuma. Ilikuwa ya Kifaransa, na Lilongwe nzima sikuwahi kumpata wa kuisoma.

“Muhuri ni mzuri,” akasema. “Twende.”

Nilimwita Agogo, yaani bibi, kama wanavyowaita wazee kule. Jumba lake lilikuwa nyuma ya barabara ya maduka. Lilijengwa zamani na mfanyabiashara aliyetaka duka mbele na familia nyuma. Baadaye mume wa Agogo alilinunua kwa jasho la malori, na sasa mume alikuwa amefariki. Nilipoliona nilivua kofia. Lilikaa juu ya msingi wa mawe unaofika kifuani, ndiyo maana ya zile ngazi saba: maji ya mvua yapite chini, watu wakae juu. Varanda ilizunguka pande tatu, na nguzo zake za matofali zilikuwa nene kiasi kwamba nilipozikumbatia vidole vyangu havikukutana. Sakafu ilikuwa nyekundu, imesuguliwa miaka na miaka mpaka inaonyesha uso wako. Juu ya kila mlango palikuwa na nusu duara ya vioo vyekundu na vya kijani. Jua la asubuhi lilipita pale na kumwaga rangi sakafuni, na rangi hizo zilitembea polepole mpaka saa nne, zikapotea.

Nilipima kila kitu. Sikuwa na futi ya mafundi, nilikuwa nimeazima ya mshonaji, jirani yetu Dzaleka aliyetoka Fizi, ile ya kitambaa inayopima viuno vya watu. Ukuta ulikuwa na unene wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na kiganja kimoja zaidi. Nilipochungulia palipobanduka, nikaona kwamba pembe zote zilikuwa za matofali ya kuchoma, lakini katikati mlikuwa na matofali mabichi, udongo mtupu, na juu yake lipu ya chokaa. Nakumbuka nilicheka. Tajiri mzima, na bado amejengea udongo! Sikujiuliza ni kwa nini nyumba ya udongo ilikuwa imesimama tangu kabla baba yangu hajazaliwa.

Ugonjwa ulikuwa katika chumba cha Agogo, upande wa mashariki. Chini ya dirisha chokaa ilikuwa inapukutika, na ukuta ulikuwa na madoa ya unyevu yanayofika magotini. Ulikuwa mwezi wa sita, mvua zimekwisha, baridi imeanza.

“Hii ni kazi ndogo,” nikamwambia.

Nilikwangua chokaa yote ya ukuta ule, nikapiga simenti. Nilichanganya kali, simenti nyingi na mchanga kidogo, nikainyoosha kwa mwiko mpaka ikang’aa kama sahani. Sijawahi kupiga lipu nzuri vile tena. Agogo alirudisha kitanda chake ukutani, kitanda cha mbao nyeusi alichoolewa nacho, ambacho kichwa chake kilikaa chini ya dirisha lile tangu siku waliyohamia. Mume wake alilala upande wa kulia. Sasa upande ule alilala yeye.

“Naweka mgongo hapa,” aliniambia, akipiga ukuta kwa kiganja. “Asubuhi jua linaupiga kwa nje, usiku unanipa joto. Mzee wangu alikuwa hivyo hivyo.”

Kila nilipopita mjini niliingia kuuangalia ukuta wangu, naye alinipa chai na kunisimulia habari za Tukuyu. Mwezi wa tisa nikasikia, nilipougonga, kwamba unalia kama ngoma. Nikajiambia ni joto.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi nilimkuta amekaa varandani, mwavuli magotini. Lipu yangu ilikuwa imeanguka mchana ule, kipande kizima kama mlango, juu ya kitanda. Bahati alikuwa jikoni. Niliingia, nikaweka kidole kwenye ukuta, kidole kikazama. Udongo ulikuwa umelowa, laini kama nsima, ugali wao, inayotoka jikoni. Safu za chini zilikuwa zimeanza kuvimba kwa nje.

Mwanawe alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa na ghala Kanengo na gari jeupe, mtu mwenye heshima zake, wala sikumlaumu. Walizungumza Kichewa, nami nilikuwa nimeshaanza kuelewa.

“Amayi,” akamwambia mama yake, “ingekuangukia.”

“Haikuniangukia.”

“Nyumba hii imezeeka. Nitaivunja, nijenge maduka. Kwangu kuna chumba, kuna maji ya moto, kuna wajukuu.”

“Wajukuu watakuja hapa.”

“Kulala wapi? Chini ya ukuta huo?” Akageuka, akaniona. “Ni huyu fundi mwenye karatasi?”

Hakunitukana zaidi ya hapo, na ilitosha. Kisha akamwambia mama yake neno la mwisho, kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha: mvua ya kwanza ikinyesha, atakuja. Akikuta kitanda cha mama kimerudi mahali pake na ukuta mkavu, atanyamaza. Akikuta kitanda bado katikati ya chumba, atamchukua siku hiyo hiyo, na jumba litavunjwa.

Agogo hakunigombeza. Alisema tu, “Fundi, mvua huja mwezi wa kumi na moja.”

Nilirudi Dzaleka juu ya magunia, sijui nilipitaje Kanengo. Mama alikuwa anapepeta maharage. Sikutaka kumwambia, nikamwambia.

“Ukapaka simenti juu ya udongo?” akauliza.

“Lipu nzuri, mama. Kali.”

“Udongo mubichi? Wenye maji?”

“Nilidhani simenti itazuia maji.”

Aliweka ungo chini. “Ee Mungu wangu. Njo kazi ya diplome hiyo? Ukuta unakunywa maji chini, unatoa maji juu, kama we unavyotoka jasho. We ukaufunga mdomo. Sasa maji yapite wapi?”

Kwenye diplome yangu mna alama za hesabu, za michoro, za nguvu ya zege. Nilikuwa wa pili darasani. Hakuna mwalimu aliyenifundisha jambo hilo, kwa kuwa hakuna aliyedhani tutajenga tena kwa udongo. Na mwanamke aliyekuwa analijua nilikuwa nakula ugali wake kila siku.

“Kesho tunaenda wote,” akasema. “Na usinipeleke na nguo hii, nipe ile ya kanisani.”

Mama hakuwa ameingia ndani ya nyumba ya maana tangu tulipokimbia. Alipanda zile ngazi saba moja moja, ameshika ukingo, na juu akavua viatu bila kuambiwa, kwa ajili ya sakafu nyekundu. Alisimama kwenye rangi za vioo, miguu yake ikawa myekundu na ya kijani. Kisha akaenda ukutani. Aliunusa. Akalowesha kidole kwa mate, akaugusa, akauonja.

“Iko na chumvi,” akaniambia. “Maji haya ni ya kuogea. Chungulia nje.”

Nilichungulia. Nyuma ya kichaka cha maua, mfereji wa bafu ulikuwa umepasuka na kumwaga maji yote miguuni mwa ukuta. Mimi mwenye pima maji sikuwa nimezunguka nyuma ya nyumba.

Agogo alikuwa mlangoni. “Mama wa fundi,” akasema, “nyumba itapona?”

“Mama, nyumba haina ugonjwa,” mama yangu akamjibu. “Dawa ndiyo iliyoiumiza.”

Wakatazamana, wakaanza kucheka, na mimi ndiye niliyekuwa dawa.

Kazi tuligawana. Yangu ilikuwa ya shule, na niliifanya vizuri, hilo nalisema bila aibu. Nilibandua simenti yote. Nilichimba mfereji mpya, nikaupa mteremko sawasawa kwa pima maji, maji yakapelekwa mbali kwenye migomba. Nilikata tofali zilizooza chini, mbili mbili, nikiegemeza ukuta kwa magogo, na mahali pake nikaweka za kuchoma. Halafu tukaacha madirisha wazi, upepo na jua la mwezi wa kumi vikaingia. Kila siku tulingoja. Mama alilala kwa Agogo, na siku ya tatu niliwasikia varandani wakishindana.

“Wa kwangu ana gari,” alisema Agogo.

“Wa kwangu ana diplome.”

“Diplome haikupaka ukuta.”

“Gari nalo halitapaka.”

“Sasa nani atapaka?”

“Nani mwingine,” akasema mama, “si sisi bamama?”

Udongo aliutaka wa kichuguu, kwa kuwa mchwa wameshausaga. Niliuleta kwa baiskeli kutoka upande wa barabara ya Mitundu, magunia manne. Mama aliuchanganya na mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa na mavi ya ng’ombe, akaufunika kwa magunia mabichi siku tano mpaka ukanuka, kisha ukaacha kunuka. Mwana wa Agogo alipita siku ya tano. Aliona rundo lile uani, akamwona mama yangu amekanyaga ndani mpaka vifundoni.

“Amayi! Samadi? Hapa mjini?”

“Ulilelewa juu ya sakafu ya samadi mpaka ukaota meno,” Agogo akamjibu. “Nani alikuwa anaisiliba? Mimi. Sogea, unakanyaga udongo wetu.”

Akasogea.

Walipaka siku mbili. Agogo hakuwa amepiga magoti kwa miaka, tukamwekea mto. Mama alianzia upande wa dirisha, Agogo upande wa mlango, kila mmoja na bakuli lake, na hawakuzungumza sana. Nilisikia viganja tu, vikipita na kurudi. Mmoja alipaka kwa mkono wa kushoto, mwingine wa kulia, kwa hiyo magamba ya mama yalitazama huku na ya Agogo yakatazama kule. Walipokutana katikati ya ukuta, mistari ikagongana. Mama alitaka kuilainisha. Agogo akamshika mkono.

“Iache,” akasema. “Nitakuwa najua ulifika wapi.”

Juu tulipaka chokaa nyembamba, tabaka mbili. Magamba yalibaki yanaonekana kwa chini, ukiweka taa pembeni au jua likiwa la chini.

Kukauka kulichukua muda wake. Kila asubuhi Agogo aliweka shavu ukutani, akatikisa kichwa, nasi tukangoja tena. Kitanda kilikuwa katikati ya chumba. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Dowa na kutawanyika. Mama hakurudi Dzaleka. Alisema hawezi kuacha ukuta ukiwa mtoto.

Mvua ilikuja saa nane mchana, kwa kishindo, kama inavyokuja kule baada ya miezi mingi. Bati lilipiga kelele mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono. Nilikimbia nje kutazama mfereji. Maji ya bafu na maji ya paa yalipita humo yamejipanga, yakaenda zake kwenye migomba, na miguu ya ukuta ikabaki mikavu. Nililowa mpaka mifupani, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Niliporudi ndani, gari jeupe lilikuwa limefika. Mwanawe alikuwa amesimama chumbani, maji yanamdondoka, ufunguo wa gari mkononi. Kitanda kilikuwa bado katikati. Agogo alikuwa ameweka shavu ukutani. Sote tulimtazama, na mvua ndiyo iliyokuwa inasema.

Alitoa shavu. Lilikuwa na alama ya chokaa, nyeupe, kavu.

“Baba,” akamwambia mwanawe, “shika upande ule.”

Alisita. Kisha akaweka ufunguo mfukoni, akavua viatu vyake vilivyolowa kwa sababu ya sakafu, akashika mguu wa kitanda. Mimi nilishika mwingine. Tulikisukuma mpaka kichwa chake kikagusa ukuta chini ya dirisha. Mwanawe alipitisha kiganja kwenye chokaa, juu, chini, akatazama kiganja. Hakusema neno kuhusu maduka. Aliniuliza tu mteremko wa mfereji niliupimaje, nikamweleza kwa kirefu, kwa kuwa jambo hilo nalijua.

Agogo alikaa kitandani, akaegemeza mgongo mahali pake. Halafu akasogea kidogo, akapiga godoro upande wa pili.

“Kaa, mama wa fundi. Ukuta ni wako pia.”

Mama alitazama nguo yake ya kanisani, iliyokuwa na udongo pindoni. Akaipangusa, ingawa haikupanguka. Akakaa polepole, mgongo wake ukatafuta ukuta, ukaupata. Akafumba macho.

“Una joto,” akasema.

Katika nyumba yangu ya vyumba saba, chumba kimoja cha mashariki sikukitia simenti. Niliporudi na kujenga, majirani waliuliza kama pesa imeisha. Nilimwita mama, nikamletea udongo wa kichuguu na bakuli. Alipaka peke yake, polepole, akipumzika kila baada ya muda, na katikati ya ukuta akasimama ghafla, akabadili mkono, akamalizia nusu iliyobaki kwa mkono wa kulia, kama Agogo.